Undugu wa mwembe, mndimu na mwarobaini

Kamua machungwa asubuhi, usiyachuje sana, kisha acha jagi mezani hadi mchana. Juisi iliyokuwa tamu saa mbili inakuja kukuacha na uchungu nyuma ya ulimi saa sita. Haijachacha, maana hainuki wala haina povu. Hakuna kilichoongezwa. Imekuwa chungu tu.

Uzungushe uchungu huo mdomoni kidogo. Unafahamika. Ni ule wa mwarobaini, umepunguzwa makali, lakini unakaa palepale na kugoma kuondoka vilevile.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu ukifungua kitabu cha mimea cha miaka ya karibuni utakuta mchungwa na mwarobaini wamewekwa katika oda moja, yaani kundi moja la familia, Sapindales. Humo humo yumo mwembe, mkorosho, mti wa ubani, mkangazi wa mbao, mkomafi wa kwenye mikoko na mshokishoki wa Unguja. Familia 9, spishi karibu 6,000. Ipange miti hiyo mbele ya mkulima mzoefu, umwambie ni ndugu wa damu, na atakucheka.

Ana haki ya kucheka.

## Ugomvi wa kisahani

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wataalamu wenyewe hawakuelewana. Wapo walioweka machungwa, mwarobaini na ubani kwenye oda ya peke yake, Rutales, na kuwaachia mshokishoki na jamaa zake jina la Sapindales. Hoja yao kubwa ilisimama juu ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama: kisahani cha mbochi kilicho ndani ya ua.

Kukiona si kazi. Chukua shada la maua ya mwembe, chagua ua lililofunguka siku hiyo, liweke chini ya lenzi. Petali ni 5. Katikati kuna kitu kinene kilichogawanyika matumbo 5, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Hicho ndicho kisahani, na ndicho nzi wanachokifuata. Hapo hapo utaona stameni, yaani kiungo cha kiume cha ua, moja tu iliyokamilika, yenye kichwa cha rangi ya zambarau. Nyingine zipo, ila zimedumaa na hazitoi chavua. Ukikagua maua mengi ya shada moja utagundua pia kwamba mengi ni ya kiume, hayana ovari (sehemu inayokuwa tunda) ya maana. Ndiyo maana shada lenye maua mamia huishia kubeba maembe mawili au matatu, na mkulima hudhani mti una ugonjwa.

Kwenye ua la mchungwa kisahani ni pete iliyolala chini ya ovari, ndani ya duara la stameni. Kwenye mshokishoki pete iko nje ya stameni. Ndani au nje: kwa tofauti hiyo oda mbili ziliishi mbalimbali.

Mtaalamu wa mimea Mmarekani, Arthur Cronquist, aliziunganisha katika mfumo wake wa mwaka 1981, kwa hoja kwamba mambo yanayofanana ni mengi kuliko mahali pa kisahani. Mwaka 1996 kikundi cha watafiti kilichosoma jeni ya rbcL, iliyomo ndani ya kloroplasti, zile chembe za kijani za jani, kikampa ushindi. Tangu mfumo wa APG, kikundi cha wataalamu kinachopanga mimea ya maua kwa kufuata jeni, ulipotoka mwaka 1998, hadi toleo la nne la mwaka 2016, oda imebaki moja.

Lakini jeni hazionjeki wala hazishikiki. Mtu aliyesimama chini ya mti anahitaji kitu cha kushika.

## Jani la mndimu

Alama ya kwanza wanayoitaja ni jani. Wana Sapindales wengi wana jani lililogawanyika kuwa vijani vilivyopangwa huku na huku kama manyoya: angalia mwarobaini, mkangazi, mng'ongo, mjafari. Mpaka hapo mambo ni mazuri.

Halafu unafika kwa mwembe. Jani moja zima, refu, halina hata kijani kimoja cha pembeni. Mkorosho hivyo hivyo. Mndimu pia.

Kwa mndimu, hata hivyo, subiri kidogo. Chuma jani moja lenye kikonyo chake chote. Kikonyo kina vibawa vyembamba pande mbili, na pale kinapokutana na jani lenyewe kuna mkato mdogo, kama kifundo. Shika kikonyo kwa mkono mmoja na jani kwa mwingine, uvute taratibu. Linakatika hapo hapo kwenye kifundo, safi, kana kwamba lilikuwa limeunganishwa tu. Kwenye mbalungi vibawa ni vipana kiasi kwamba jani linaonekana kama majani mawili yaliyopandana.

Kifundo hicho ni pale kijani kinaposhikana na mhimili wake. Maelezo yanayokubalika ni kwamba jani la mndimu ni jani la vijani lililobakiza kijani kimoja. Na kuna ushahidi hai: mchungwa wa Uchina unaoitwa Poncirus trifoliata, ambao hutumika sana kama shina la kubebeshea, una vijani vitatu vilivyoshikana kwenye kifundo kilekile.

Wakati una jani mkononi, liinue dhidi ya jua. Utaona vitone vinavyopitisha mwanga, vimetapakaa kama vimetobolewa kwa sindano. Ni vifuko vya mafuta. Familia ya michungwa, Rutaceae, inajulikana kwa vitone hivyo, na mjafari wa porini unavyo pia, pamoja na harufu ya kimachungwa ukiusugua.

Mwembe hauna kifundo wala vitone. Jani lake ni zima kwelikweli. Kwa hiyo jani linasaidia, halihukumu.

## Mrengo wa uchungu

Ndani ya oda kuna familia tatu zilizokaa tawi moja: Rutaceae ya machungwa, Meliaceae ya mwarobaini, mkangazi na mkomafi, na Simaroubaceae, ambayo kwetu haina jina kubwa. Zote tatu ni chungu, na uchungu wao unatoka kwenye kiwanda kimoja.

Mti unaanza na molekuli yenye atomu 30 za kaboni. Kwa machungwa na mwarobaini, atomu 4 zinakatwa kwenye mkia, na kinachobaki cha mkia kinafungwa kuwa pete ndogo. Zinabaki 26. Kundi hilo la kemikali linaitwa limonoidi. Mchungwa unatengeneza limonini. Mwarobaini unaendelea mbele zaidi, unavunja pete nyingine na kubandika vipande, hadi unapata azadirakitini, molekuli iliyotatanisha wanakemia kiasi kwamba maabara ya Steven Ley huko Cambridge ilihitaji miaka 22 kuiunda tangu mwanzo hadi mwisho. Walimaliza mwaka 2007. Simaroubaceae wao wanakata zaidi, na zao zinaitwa kwasinoidi.

Sasa turudi kwenye jagi. Chungwa zima halina limonini nyingi kwenye nyama yake. Lina mtangulizi wake, ambaye si mchungu, amehifadhiwa ndani ya seli mahali pasipo na asidi. Ukikamua, unapasua seli, mtangulizi anakutana na asidi ya juisi, pete inajifunga, na limonini inazaliwa. Inachukua saa kadhaa kwenye joto la chumba; ukichemsha, inakuja haraka. Ulimi wa kawaida huanza kuihisi ikifika miligramu 6 hivi kwa lita.

Kwa hiyo anayeuza juisi afanye hivi. Atumie machungwa yaliyoiva mtini, kwa sababu tunda likiiva mti wenyewe humfunga mtangulizi huyo kwenye sukari, asigeuke tena. Asisage mbegu kwenye blenda: mbegu zina limonini tayari, haihitaji kusubiri. Aondoe ule utando mweupe. Achuje mara tu baada ya kukamua, si baada ya saa moja, kisha aweke kwenye baridi. Sukari haiondoi uchungu huo, inaufunika kwa muda tu. Uchungu wa balungi ni jambo jingine: huo upo tangu unapokata tunda na unatokana na naringini, ambayo si limonoidi.

Kwa mwarobaini tunautaka uchungu wenyewe. Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nchini Sudan mwaka 1959 nzige wakimaliza kila jani, wakaacha miarobaini. Mwaka 1968 David Morgan na mwenzake Butterworth wakaitenga azadirakitini kutoka kwenye mbegu. Mbegu, si majani. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanatwanga majani, yenye dawa kidogo, kisha wanasema mwarobaini haufanyi kazi bustanini.

Okota matunda yaliyogeuka manjano, toa nyama siku hiyo hiyo au kesho yake, osha, anika kivulini. Hifadhi kwenye gunia au kikapu kinachopitisha hewa. Kwenye mfuko wa plastiki zinaota ukungu. Ukitaka kutumia, pasua maganda, twanga viini gramu 500, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike majani. Pulizia jioni, upande wa chini wa majani, na urudie baada ya wiki. Jioni, kwa sababu jua linaivunja azadirakitini. Wala usitegemee wadudu waanguke palepale. Dawa hii inawakatisha hamu ya kula na kuwaharibia kujivua gamba, kwa hiyo utawaona wanatembea siku mbili tatu, kisha wanapungua. Anayetafuta kifo cha papo hapo hupulizia tena kesho, halafu anaiacha.

Mbegu za kupanda nazo zisicheleweshwe. Zikikaa wiki chache hazioti tena.

## Mrengo wa utomvu

Tawi la pili ni la familia mbili: Anacardiaceae ya mwembe, mkorosho, mng'ongo na embe ng'ong'o, na Burseraceae ya ubani, manemane na mpafu. Hawa wana mirija ya utomvu ndani ya gome, na wengine hadi ndani ya ganda la tunda. Wataalamu wanazitenganisha familia hizi mbili kwa jambo la ndani kabisa: namna kijiyai, kile kitakachokuwa mbegu, kinavyogeukia ndani ya ovari, na kwamba chumba kimoja cha ovari kina kijiyai kimoja kwa mwembe na viwili kwa ubani. Hilo halionekani bila wembe na subira. Utomvu unaonekana.

Vunja embe bichi kwenye kikonyo na utomvu unaruka kwa shinikizo. Matone ya sekunde za mwanzo ndiyo mabaya kuliko yote: yana mafuta yanayounguza ngozi ya tunda, na kesho yake alama nyeusi zimechirizika hadi chini. Embe ndani ni zima, ila mnunuzi hataki kulisikia. Dawa ni kuvuna na kikonyo cha sentimita 5 hivi, kisha kukivunja karibu na tunda huku tunda likiwa limeinamishwa kichwa chini, juu ya chaga au waya, liachwe lichuruzike kwa nusu saa au zaidi bila kugusa mchanga. Baada ya hapo lioshwe. Asubuhi mapema mti umejaa maji na utomvu unaruka kwa nguvu zaidi, hivyo anayevuna kwa ajili ya soko la nje hana sababu ya kuwahi alfajiri.

Kwa mkorosho mambo yanazidi. Bibo si tunda kwa maana ya botania, ni kikonyo kilichovimba. Tunda ni korosho yenyewe, nayo hukua kwanza. Bibo huvimba baadaye. Ganda la korosho lina tabaka mbili ngumu, na katikati yake kuna sega lililojaa mafuta meusi, robo ya uzito wa ganda au zaidi. Ndani yake mna asidi ya anakadi na kadoli, jamaa wa karibu wa sumu ya mimea ya upele ya Marekani, ambayo nayo ni Anacardiaceae.

Anayekaanga korosho nyumbani afanyie nje, upepo ukiwa mgongoni. Kikaango kiwe na matundu ili mafuta yadondoke motoni. Yatawaka, ndiyo kawaida. Maganda yakishakuwa meusi pande zote, mwaga korosho kwenye mchanga au majivu, zungusha hadi mafuta ya juu yanyonywe, ziache zipoe kabisa ndipo upasue. Kosa la kwanza ni kupasua zikiwa na joto: mafuta bado ni mepesi na yanagusa kiini. La pili ni kuvuta moshi, ambao umebeba mafuta yaleyale hadi kooni na machoni. Wanaobangua kwa mikono hupaka mafuta ya kula au ya nyonyo kisha majivu, na kurudia kila mara mkono ukikauka.

Upele wake hauji leo. Huja baada ya siku moja hadi tatu, kwa sababu ni mzio wa kuchelewa, na kufikia hapo mtu ameshalaumu sabuni mpya. Na aliyewahi kuunguzwa na ganda la korosho anaweza kuwashwa midomo akimenya embe kwa meno. Nyama ya embe hula bila shida. Ganda ndilo lenye kesi. Hapa undugu si wa vitabuni tena.

Ubani ni hadithi hiyo hiyo kwa miti mikavu. Katika Dhofar, Oman, mgemaji hukwangua gome la Boswellia sacra sehemu ndogo ndogo kwa chombo kiitwacho manqaf. Utomvu mweupe unatoka na kuganda. Wa kwanza huonekana duni na hukwanguliwa. Mgemaji hurudi baada ya wiki mbili hivi, hukwangua tena palepale, na mikupuo inayofuata ndiyo inayotoa machozi mazuri, yaani matone yaliyoganda, ya rangi hafifu. Maeneo ya ubani ya Dhofar yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kaskazini mwa Kenya, Marsabit na Wajir, wanaokota zaidi kuliko kugema: utomvu unaotoka wenyewe. Mti unaogemwa kupita kiasi huzaa mbegu chache, na zisizoota vizuri, kwa kuwa sukari iliyokuwa ya mbegu imeishia kwenye chetezo.

Udi, jirani wa ubani kwenye chetezo hicho, hahusiki. Ule ni mti wa oda nyingine kabisa, Malvales.

## Wawili wanaoharibu hesabu

Hapa ndipo nilipokwama. Kama uchungu na utomvu ndio alama ya ukoo, kuna miti miwili isiyotaka kutii.

Wa kwanza ni mjunju, Balanites. Tunda lake lina uchungu, na lina saponini za kutoa povu, kama baadhi ya jamaa wa mshokishoki. Zamani uliwekwa karibu na Simaroubaceae, na kwa kuuonja ungekubali. Jeni zimeutoa nje, ukapelekwa Zygophyllales. Uchungu wake umetokana na njia nyingine.

Wa pili ni Kirkia, mti wa nyika za kusini mwa Tanzania hadi Zimbabwe. Jina lake ni la John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Kwa miaka mingi Kirkia uliwekwa kwenye Simaroubaceae. Wanakemia walipoupima hawakukuta kwasinoidi, wala limonoidi. Si mchungu. Ungetegemea utupwe nje.

Haukutupwa. Jeni ziliuweka ndani ya oda, ila si kwa wachungu: umekaa kando ya mwembe na ubani, katika familia yake yenyewe, Kirkiaceae.

Kwa hiyo ulimi una haki ya kuuliza, hauna haki ya kuhukumu. Mjunju unafika kwenye uchungu kwa barabara nyingine. Mchungwa na mwarobaini wanafika kwa barabara moja, zile kaboni 4 zikikatwa mahali pamoja, na hilo ndilo lenye uzito. Kwangu mimi, mahali pa kisahani pamebaki kuwa hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndipo palipogawa oda kwa miaka mingi.

## Mshokishoki na jamaa zake

Imebaki familia iliyoipa oda jina, Sapindaceae, ambayo haina uchungu wa mwarobaini wala mirija ya ubani. Imekaa peke yake, na mpangilio wake kati ya matawi mengine bado unajadiliwa. Silaha zake ni povu la saponini na, kwa baadhi yake, asidi amino inayozuia ini kutengeneza sukari. Ipo kwenye litchi, binamu wa shokishoki, na zaidi kwenye litchi mbichi. Huko Muzaffarpur, India, watoto walioshinda wakila litchi mashambani kisha wakalala bila chakula cha jioni walipatwa na degedege alfajiri, sukari ya damu ikiwa imeshuka mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha uhusiano huo, na ushauri uliotolewa ulikuwa mwepesi: mtoto apunguze litchi, na asilale bila kula.

Ackee ya Jamaika, tunda la familia hiyo hiyo lililotoka Afrika Magharibi, ina sumu hiyo hiyo kwa wingi zaidi. Haichumwi ikiwa imefumba. Inaachwa mtini mpaka ganda lipasuke lenyewe na mbegu nyeusi zionekane, kisha mbegu na utando mwekundu vinaondolewa, nyama inachemshwa na maji yake yanamwagwa.